Unahama kutoka mkanda kwenda dijitali? Chagua lenzi kwanza, kamera baadaye

Hii naandika kwa ajili ya wale ambao bado wana kamera ya mkanda ndani, iwe yako mwenyewe uliyokuwa unapigia miaka ile au ya baba au mjomba aliyekuwa na studio, na sasa unataka kuhamia dijitali na umekaa na zile lenzi unajiuliza niziuze, nizigawe, au nihame nazo. Karibu kila anayeniuliza anaanza na kamera, mkuu nichukue Canon au Nikon, megapikseli ngapi zinatosha, na mimi siku zote narudisha swali: lenzi gani ilikuwa inakaa kwenye kamera yako ya zamani muda mwingi, na ulikuwa unapiga nini? Kamera ya dijitali utaibadilisha baada ya miaka michache, lenzi nzuri unaweza kuzeeka nayo, alafu kubwa zaidi ni kwamba jicho lako limeshazoea kuona kwa upana fulani, ukiupoteza huo upana utajiona kama umesahau kupiga picha wakati hujasahau kitu.

Najua hili kwa sababu lilinikuta. Nilijifunza kazi kwenye studio ya mzee mmoja hapa Tanga, tulikuwa na Canon EOS 300 ya mkanda na lenzi ya 28-80 (hizo ni milimita za lenzi, namba ikiwa ndogo inaona pana zaidi), ndo hiyo tulikuwa tunaenda nayo harusini, kipaimara, maulidi, kila kitu. Mwaka 2010 nikapata Canon 1000D ya mtumba, bodi tupu haina lenzi, nikasema shida iko wapi, lenzi si ninayo. Nikaifunga ikaingia tii, otofokasi inafanya kazi, mita ya mwanga inasoma, nikafurahi sana. Wiki hiyohiyo nikaenda nayo kwenye ndoa Ngamiani, sebule ya kawaida tu kama zilivyo sebule zetu, baada ya ndoa kufungwa bibi akakalishwa kwenye kiti katikati na ukoo ukapangwa kulia na kushoto. Nikazungusha zumu mpaka mwisho, 28, nikachungulia, watu wa pembeni hawamo. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Bado hawamo. Na sebule za ukubwa ule nilishapiga sana kwa mkanda, lenzi hiyohiyo, watu wakaenea wote. Mwisho nikawapiga kwa mafungu mawili, na ile picha moja ya ukoo mzima bibi akiwa katikati familia ile haina mpaka leo, na hiyo inaniuma kuliko kamera yoyote niliyowahi kuharibu.

Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke.

Hatua ya 1: toa albamu zako utandike chini

Kabla hujagusa pesa, kaa na picha zako za zamani. Chagua kama 50 unazozipenda wewe, sio zile mteja alizozisifia, zile ambazo ukiziona unasema hapa nilipiga. Zitandike kwenye mkeka uzigawe mafungu matatu. La kwanza picha pana, za 28mm kushuka, utazijua kwa sababu kitu cha mbele kinaonekana kikubwa na cha nyuma kimekimbia mbali, na mtu aliyekaa pembeni kabisa ya picha uso unavutika kidogo. La pili za kawaida, 35 mpaka 50. La tatu za kuvuta, 85, 135, 200, zile ambazo kinachoonekana nyuma kimesogea karibu na kimeyeyuka. Mkanda hauandiki ulitumia lenzi gani, kwa hiyo ni jicho lako tu na kumbukumbu, lakini kama ulikuwa na lenzi mbili au tatu utakumbuka tu.

Alafu hesabu kila fungu. Mimi nilipokuja kufanya hivi, kwa kuchelewa, zaidi ya picha 30 kati ya 50 zilikuwa kwenye upana wa mwisho wa ile zumu. Yaani kumbe mimi ni mtu wa 28 na sikuwa najijua, miaka yote nilikuwa najiita mpiga picha za sura.

Kama wewe ulikuwa unapigia Yashica Mat, ile ya kuangalia kwa juu yenye macho mawili, lenzi yake ya 80mm haitoki kwenye kamera kwa hiyo hakuna cha kuhama nacho, ila ujue ule upana wake kwenye mkanda mkubwa wa 6x6 unakaribiana na 45 au 50 kwenye mkanda wa kawaida. Weka kwenye fungu la pili uendelee.

Hatua ya 2: piga hesabu ya sensa

Hapa ndo penye siri ya ile sebule. Sensa ni kile kipande ndani ya kamera ya dijitali kinachonasa picha badala ya mkanda. Fremu moja ya mkanda wa kawaida ina upana wa milimita 36 na urefu wa 24. Kamera nyingi za dijitali za bei ya kawaida, zile tunazoziona mitaani, Canon 1100D, 600D, 700D, Nikon D3100, D3200, D5300, sensa yake ni ndogo kuliko hiyo fremu. Kwenye Nikon, Sony, Fujifilm na Pentax za aina hiyo ni kama 23.5 kwa 15.6, kwenye Canon ni kama 22.3 kwa 14.9. Lenzi inatupa picha ileile ndani ya kamera, haijabadilika chochote, ila sensa inachukua katikati tu, kingo zote zinabaki nje. Ni kama kuchukua picha iliyosafishwa ukaikata pembeni kwa mkasi.

Ili kujua lenzi yako itaonaje, zidisha kwa 1.5 kama ni Nikon, Sony, Fujifilm au Pentax yenye sensa ndogo, zidisha kwa 1.6 kama ni Canon yenye sensa ndogo, na zidisha kwa 2 kama ni zile za Olympus na Panasonic za maunti (pale lenzi inapofungwa kwenye kamera) ya Micro Four Thirds. Fulufremu usizidishe kitu, sensa ni sawa na mkanda.

Sasa tuirudie sebule kwa namba. Tuseme umesimama mita 4 kutoka kwa watu. Kwa mkanda na lenzi ya 28, upana unaoingia ni kama mita 5.1. Mtu mmoja aliyesimama wima mchukulie nusu mita, basi wanaenea watu 10 kwenye mstari. Weka lenzi hiyohiyo kwenye Canon yenye sensa ndogo, simama palepale, upana unakuwa mita 3.2, watu 6. Wanne wako nje ya picha! Ili uwarudishe inabidi urudi nyuma zaidi ya mita 2, na nyuma yako kuna ukuta. Ukiweka lenzi ya 18 kwenye Canon hiyohiyo unapata karibu mita 5, ukoo unarudi.

Kwa hiyo chukua lile fungu lako kubwa la hatua ya kwanza ufanye hesabu kwa kurudi nyuma, yaani gawanya. Ulikuwa mtu wa 28? Gawanya kwa 1.5, unatafuta lenzi inayofika 18 au 19. Ulikuwa mtu wa 50? Unatafuta 35 kwenye Nikon, na kwenye Canon kitu kati ya 28 na 35. Ulikuwa mtu wa 85 au 90 kwa ajili ya sura? Hapo una bahati, ile 50 yako ya zamani inakuwa 75 au 80, tayari umepata lenzi ya sura bila kutoa hata shilingi. Na kama ulikuwa mtu wa 135 au 200, unapiga mpira au ndege, sensa ndogo ni rafiki yako, 200 inaona kama 300.

Umeona mwelekeo, wa kuvuta wanapata, wa upana wanapoteza. Ndo maana nasema lenzi kwanza. Mtu wa upana mwenye lenzi nzuri za zamani pengine ni bora avumilie atafute fulufremu ya mtumba, Canon 5D za mwanzo, Nikon D700, au Sony A7 ya kwanza ya 2013, zote zimeshazeeka na bei imeshuka, kuliko kununua sensa ndogo mpya alafu aanze kutafuta lenzi za upana upya.

Kitu kimoja kidogo wengi wanachanganya: mwanga haubadiliki. f/2, yaani ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ni f/2 popote, ukipima shata unapima kama ulivyozoea. Kinachobadilika ni ule ukungu wa nyuma ya mtu, kwenye sensa ndogo ukipanga picha ileile nyuma hapayeyuki sana kama kwenye mkanda, tofauti ni kama stopu moja.

Hatua ya 3: angalia maunti, lenzi yako inaingia wapi

Huku kuna mambo mengi kwa hiyo soma tu sehemu inayokuhusu.

Canon. Kama kamera yako ya mkanda ni EOS yoyote, kuanzia 1987 walipoleta maunti ya EF, lenzi zake zinaingia kwenye DSLR zote za EOS (kamera za dijitali zenye kioo kinachoruka ndani) na otofokasi inafanya kazi, na kwenye mirolesi mpya za RF (zisizo na kioo hicho) zinaingia kwa adapta, ringi ya kuunganisha, bila kupoteza kitu. Angalia doti nyekundu kwenye lenzi, hiyo ni EF. Ukiona kialama cheupe cha mraba hiyo ni EF-S, ya sensa ndogo tu, kwenye fulufremu ya EOS haikubali kuingia. Lakini kama kamera yako ni AE-1 au A-1, hizo ni lenzi za FD, maunti nyingine kabisa, na kwenye DSLR ya Canon hazifai. Adapta zipo, ila zisizo na kioo cha lenzi ndani hazifokasi mbali, unaona vitu vya karibu tu, na zenye kioo ndani nyingi zinaichafua picha. Niliuziwa moja ya hizo kwenye duka moja nikaambiwa haina tofauti, nikaenda nayo kazini, kila taa ukumbini ikawa na moshi kuizunguka. Lenzi za FD zipeleke kwenye mirolesi, huko zinafurahi.

Nikon. Maunti ya F ni ileile tangu 1959, ndo sifa yao, lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza, lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazijafanyiwa marekebisho ya AI (mfumo wa Nikon wa lenzi kuijulisha kamera tundu lake) zinaweza kuvunja kile kijino kidogo pembeni ya maunti kwenye kamera kama D200, D300, D700 au D7000, usilazimishe kabisa. Wa pili, kamera ndogo za D3000 na D5000 na ndugu zao wote hazina mota ya kufokasi ndani, kwa hiyo lenzi za AF na AF-D za enzi za mkanda zitaingia ila utafokasi kwa mkono, na zile za AI za mkono mtupu hata mita haisomi, unapiga kwa M, yaani kupanga kila kitu mwenyewe, na kukisia. Kama una lenzi kadhaa za Nikon za mkanda usinunue D3100 eti kwa sababu ni rahisi, tafuta D7000 au D7100, ina mota na inapima mwanga hata kwa lenzi ya AI ukishaiandikia kwenye menyu ni milimita ngapi na f ngapi. D90 ina mota lakini kwa AI haipimi. Na adapta ya FTZ ya mirolesi zao za Z inaendesha otofokasi ya AF-S na AF-P, AF-D hapana.

Pentax. Hawa wamewajali watu wa zamani kwakweli. Lenzi yoyote ya maunti ya K, kuanzia 1975, ile iliyokuja na K1000, inaingia kwenye DSLR zao. Kwenye menyu ruhusu ringi ya tundu itumike, weka M, bonyeza kitufe cha kijani, kamera inafunga tundu sekunde moja inapima mwanga na kukupangia shata. Ukiwasha kamera inakuuliza lenzi ni milimita ngapi, jibu kweli, maana inatumia namba hiyo kutuliza mtikisiko. Angalizo, baadhi ya lenzi za Ricoh zina pini ya ziada nyuma ambayo inanasa kwenye Pentax za otofokasi na haitoki, ziangalie kabla ya kuzungusha.

Minolta za otofokasi za kuanzia 1985 zinaingia kwenye Sony Alpha za maunti ya A, kwa sababu Sony walirithi maunti hiyo mwaka 2006. Minolta za mkono, Olympus OM, Yashica na Contax, hizi zote peleka kwenye mirolesi.

Zenit na lenzi zake za kuzungusha kama skrubu, M42, mara nyingi ni Helios 44 ya 58mm f/2. Hii ni nzuri sana kwa sura na inaingia kwenye Canon EOS kwa adapta ya chuma tupu ya bei ndogo, inafokasi mpaka mbali kabisa. Kwenye Nikon haifiki mbali. Na kwenye Canon fulufremu kuna lenzi za M42 ambazo sehemu ya nyuma inagusa kioo cha kamera kinaporuka, kwa hiyo mara ya kwanza zungusha fokasi mpaka kwenye ile 8 iliyolala (alama ya mbali kabisa) na upige taratibu ukisikiliza.

Kwanini mirolesi inakubali karibu kila kitu? Kila maunti ina umbali wake kutoka mdomo wa kamera mpaka kwenye mkanda au sensa. Nikon F ni milimita 46.5, M42 na Pentax K ni 45.46, Canon EF ni 44, Canon FD ni 42. Adapta inaongeza umbali, haiwezi kupunguza. Kwa hiyo lenzi ya umbali mrefu inaweza kwenda kwenye kamera ya umbali mfupi, kinyume chake haiwezekani bila kioo cha lenzi ndani ya adapta. Mirolesi kwa sababu haina kioo kinachoruka ndani ni fupi sana, Sony E 18, Fujifilm X 17.7, Canon RF 20, Nikon Z 16, kwa hiyo nafasi ya adapta ipo tele. Ukielewa hizo namba hakuna muuzaji atakayekudanganya kuhusu adapta.

Hatua ya 4: kagua lenzi zenyewe, hasa kama unaishi pwani

Mjomba wangu aliacha Pentax K1000 na lenzi mbili, 50mm f/2 na 135mm f/3.5, kwenye mkoba wa ngozi, kabatini, kwenye nyumba ambayo usiku unasikia bahari. Nilipoufungua ule mkoba harufu tu ya ukungu ilinipa wasiwasi, maana ngozi inakunywa unyevu na kuutunza palepale lenzi ilipo. Nilizima taa ya chumba, nikafungua tundu la lenzi lote, nikawasha tochi ya simu, nikaishika upande mmoja kwa pembeni sio moja kwa moja nikachungulia upande wa pili huku nazungusha polepole. Ile 50 ilikuwa na vumbi tu, chembe chache kama unga, hizo hazina shida hata kidogo. Ile 135, kwenye kioo cha ndani, kulikuwa na nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni kuja katikati, zimejigawa vitawi vitawi kama mizizi ya mche uliong'olewa. Hao ndo fangasi. Wakiwa wachache pembeni picha inatoka, ila ukipiga kuelekea dirishani au kwenye taa unaona rangi zimefifia kama umepiga kupitia chandarua. Na wakikaa muda mrefu wanakula ile rangi ya juu ya kioo, hapo hata fundi akisafisha alama inabaki. Ile 135 niliiweka mbali na nyingine na sijaipeleka kwenye kamera mpaka leo.

Baada ya fangasi angalia tundu. Nyuma ya lenzi nyingi kuna kijiti kidogo, kisukume kwa kidole ukiachie, vile visu vyembamba vinatakiwa vifunge na kufunguka papo hapo, pap. Vikienda kivivu au ukaona vinang'aa mafuta, lenzi itakuchomea picha kwa sababu tundu halifungi kwa wakati. Zungusha ringi ya fokasi mwanzo mpaka mwisho, iwe laini sawasawa, isikwame wala isilegee. Angalia na skrubu za nyuma, kama vichwa vimechubuka ujue kuna mtu alishaifungua. Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele isikutishe, ya kioo cha nyuma ndo mbaya zaidi.

Zilizopona zitoe kwenye ngozi. Nunua kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, weka vile vipakiti vya silika, na vikibadilika rangi vikaushe upya. Mchele watu wanaushauri sana, mimi siupendi, una vumbi lake.

Hatua ya 5: zijaribu kwenye dijitali kabla ya kuziamini

Mkanda ulikuwa unasamehe, sensa haisamehi. Ukikuza picha ya dijitali kwenye kompyuta unaona vitu ambavyo kwenye karatasi ya postikadi hukuwahi kuviona miaka 20. Alafu sensa ni bapa na inang'aa kama kioo, mwanga unagonga sensa unarudi kwenye lenzi na kurudi tena, mkanda haukuwa na tabia hiyo sana, ndo maana lenzi nyingine za zamani zinatoa madoa ya mwanga au mstari wa zambarau kwenye kingo za shela jeupe dhidi ya dirisha.

Jaribio langu ni gazeti. Bandika kurasa mbili zilizofunguliwa ukutani, kamera kwenye stendi, iwe sambamba na ukuta, piga kwa tundu wazi kabisa, kisha f/4, kisha f/8, ukuze uangalie maandishi ya katikati na ya pembe nne. Lenzi nyingi za zamani kwenye tundu wazi ni laini, kwenye f/4 zinaamka, na kwenye f/8 hazina deni na mtu. Pembe moja ikiwa mbovu kuliko nyingine zote, lenzi ilishaanguka. Kisha toka nje jioni upige mtu jua likiwa nyuma yake, hilo gazeti haliwezi kukuonyesha.

Ile 50 ya mjomba niliijaribu hivyo kwenye Sony A6000 ya rafiki. Kwenye f/2 uso unakuwa laini kidogo, unafaa kwa bibi harusi, kwenye f/4 kope moja moja unazihesabu. Asaivi ndo lenzi ninayoipenda kuliko zote kwa kupiga wazee, inaona kama 75, hauko mbali sana na mtu hadi muache kuongea.

Hatua ya 6: nunua kile tu kinachokosekana

Sasa rudi kwenye mafungu yako ya picha. Weka pembeni kila fungu lenzi uliyonayo ambayo imepona kwenye tochi na gazeti, baada ya kuzidisha. Pengo litajionyesha lenyewe, na kwa watu wengi ni upana. Na dawa yake ya kwanza ni ile lenzi ambayo watu wa zamani tunaidharau, 18-55 ya plastiki inayokuja na kamera. Mimi niliidharau nikanunua bodi tupu, na baada ya ile ndoa ya Ngamiani ndo niliyoikimbilia, kwenye Canon inaona kama 29 mpaka 88, yaani karibu sawasawa na ile 28-80 ya mkanda. Kwenye f/8 na flashi ya kudunda dari hakuna mteja aliyewahi kuniuliza ni lenzi gani. Ukitaka upana zaidi, Canon wana EF-S 10-18 ya 2014, nyepesi na bei yake ya kibinadamu.

Kama pengo lako ni ile 50 uliyozoea, Nikon wana DX 35mm f/1.8G tangu 2009 na Canon wana EF-S 24mm f/2.8 tangu 2014 ambayo inaona kama 38, pana kidogo kuliko 50. Na 50mm f/1.8 ya Canon au Nikon usinunue ukidhani ni 50 uliyoijua, kwenye sensa ndogo ni lenzi ya sura, inunue kwa kazi hiyo.

Usikimbilie f/1.2 na f/1.4 pia. Kwenye mkanda ulikuwa umefungwa na ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 200 au 400 mpaka picha 36 ziishe, tundu kubwa lilikuwa ndo pumzi yako. Dijitali unapandisha 1600 au 3200 kwa kidole, picha inayofuata unashusha. Lenzi ya f/2.8 leo inafanya kazi ukumbini ambayo zamani ulihitaji f/1.4. Hiyo pesa weka kwenye upana.

Hatua ya 7: siku za mwanzo na lenzi ya mkono

Kwenye mirolesi ingia kwenye menyu uruhusu kamera ipige bila lenzi, maana haiitambui ile ya zamani, watu wengi wanadhani kamera imekufa kumbe ni hiyo tu. Washa zile rangi zinazopaka kingo za kitu kilicho kwenye fokasi, na weka kitufe kimoja cha kukuza katikati, kuza jicho la mtu, fokasi, piga. Kwenye DSLR kile kiduara cha kupasua picha kilichokuwa kwenye kidirisha cha kamera yako ya mkanda hakipo, usijiamini kwa macho matupu, tumia skrini ya nyuma na ukuze.

Shata nayo iongezee kidogo. Kanuni yetu ya zamani ilikuwa lenzi ya 50 usishuke chini ya 1/60, kwenye sensa ndogo anza na 1/80.

Flashi za zamani usizifunge tu juu ya kamera ya dijitali, nyingine kama Vivitar 283 za mwanzo zinarudisha zaidi ya volti 200 kwenye kamera na unaweza kuiua hapohapo.

La mwisho ni vumbi. Kwenye mkanda kila picha ilikuwa na fremu yake safi, chembe ikiingia ilikwenda na fremu moja. Sensa ni ileile moja, chembe ikikaa iko kwenye kila picha mpaka uitoe. Kila wiki piga anga tupu kwa f/16, ukiona doti za kijivu zimekaa palepale kwenye picha zote, ondoa lenzi, nyanyua kioo kwa menyu ya kusafisha, geuza kamera iangalie chini, na pulizia kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yakitua kwenye sensa hiyo ni kazi ya fundi. Na unapobadilisha lenzi barabarani zima kamera kwanza, geukia upande usio na upepo, na ile lenzi inayoingia iwe tayari mkononi imeshafunguliwa kifuniko cha nyuma.